Rejeta ndogo ya mafuta ya gia kwenye Prado otomatiki: inayofaa mchanga wa Malindi

MWENYE UZI (Malindi)

Salaam wakuu. Nimeulizwa sana kuhusu ile rejeta ndogo niliyofunga mbele ya Prado, nikaona afadhali niyaweke yote hapa kuliko kumjibu kila mtu peke yake. Gari ni Prado ya modeli ya 95, injini 1KZ-TE ya dizeli, giaboksi otomatiki ya gia nne. Kazi yake ni Marafa, njia ya Sala mpaka ndani ya Tsavo Mashariki, mchanga wa kule juu ya Mambrui, na kuvuta boti kutoka majini. Hii kazi ya boti ndiyo iliyonifanya niishughulikie giaboksi kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna jambo watu wanalisahau. Huku kwetu giaboksi haiuliwi na jua la kaskazi, wala na kasi ya barabara ya Mombasa. Inauliwa na mwendo wa pole wenye mzigo. Ukilishika hilo utajua rejeta ndogo ikae wapi, na utajua kwa nini kuna waliofunga na bado gia zao zinachemka.

Otomatiki haina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na gia pana tokikonvata, chombo cha duara kilichojaa mafuta: upande wa injini unayasukuma mafuta, nayo mafuta yanausukuma upande wa gia. Ukiwa lami na mwendo umekolea, konvata inajifunga, pande mbili zinazunguka pamoja, joto ni dogo. Ukiwa mchangani, mguu umezama kwenye pedali ya mafuta, injini inazunguka mbio na magurudumu yanasota. Ile tofauti ya mizunguko yote inageuka joto, na joto lote linaingia kwenye mafuta ya gia. Na hapohapo gari haliendi, kwa hiyo hakuna upepo unaopita kwenye grili. Joto linazidi wakati upepo umekwisha. Ndiyo hali ya kupandisha boti ufukweni, na ndiyo hali ya vilima vya mchanga vya Mambrui.

Sasa namba. Mafuta ya gia yanafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 80 hadi 95 za selsiasi. Kwenye 115 hivi yanaanza kuacha utando mgumu kama vanishi ndani ya vali. Yakikaribia 127 sili zinaanza kukakamaa. Yakifika 146 sahani za klachi zilizo ndani ya giaboksi zinaanza kuteleza, na mtelezo wenyewe unaleta joto jingine. Mafundi wa otomatiki wana kanuni yao kwamba ukishapita nyuzi 80, kila nyuzi 11 zinazoongezeka zinapunguza umri wa mafuta kwa nusu. Hiyo ni kanuni ya makadirio tu, lakini inakuonyesha kwamba kushusha nyuzi 20 ni jambo kubwa mno.

Kwa hiyo, kabla hujanunua rejeta, nunua geji ya joto la mafuta ya gia. Kichunguzi chake kinaweza kukaa kwenye sampu, bakuli la mafuta chini ya giaboksi, au kwenye paipu inayotoa mafuta kutoka giaboksi kwenda kupozwa. Cha kwenye sampu kinaonyesha hali ya jumla. Cha kwenye paipu ya kutoka kinaonyesha mafuta yanavyoruka joto mara tu konvata inapoanza kusumbuka, na mimi napendelea hicho, kwa sababu mchangani unataka kujua sasa hivi, si baada ya robo saa. Bila geji utafunga rejeta na hutajua imesaidia au la.

Nikipata nafasi jioni nitaandika ufungaji wenyewe.

DEREVA WA WATAMU

Ahsante mkuu kwa elimu. Swali: kwa nini usiiruke kabisa rejeta kubwa ya maji ya injini, ambamo mafuta ya gia yanapozwa tangu kiwandani? Nimesikia habari za Nissan ambazo rejeta ilipasuka ndani, maji yakaingia kwenye gia, giaboksi ikafa. Mimi nilikuwa nakusudia kuziba kule chini na mafuta yote yapite kwenye rejeta ndogo peke yake.

MWENYE UZI

Habari hiyo ni ya kweli. Zilikuwa Pathfinder, Xterra na Frontier za miaka ya 2005 hadi 2010 kule Marekani, mpaka Nissan wakaongeza muda wa dhamana ya rejeta. Ndani ya tangi la rejeta kubwa kuna kipoza mafuta kilichozungukwa na maji ya injini. Ukuta kati yao ukipasuka, maji na mafuta vinachanganyika. Maji yenye dawa ya rejeta yanalegeza gundi inayoshika kitambaa cha sahani za klachi, na ukiona mafuta yamegeuka kama maziwa ya stroberi, ujue kazi ya kufungua giaboksi imeshafika. Hali hii si ya Nissan peke yao. Rejeta yoyote iliyozeeka, iliyojazwa maji ya kisima miaka nenda rudi badala ya dawa, iko hatarini. Na nyote mnajua visima vyetu vya pwani vilivyo na chumvi.

Lakini kuiruka moja kwa moja, ndugu yangu, kwa matumizi ya huku mimi sikuafiki. Maji yanabeba joto vizuri kuliko hewa kwa mbali sana. Ukiwa umesimama mchangani huku injini inanguruma, kile kipoza cha ndani ya rejeta kubwa kinaendelea kufanya kazi kwa sababu pampu ya maji inazunguka. Rejeta ndogo inayotegemea hewa inataka upepo, na upepo ndio uliokosekana. Anayeiruka rejeta kubwa anajiondolea msaada wake pale anapouhitaji zaidi, labda awe na rejeta ndogo kubwa ya kutosha yenye feni yake ya umeme.

Jibu langu kwako: kama rejeta yako ni ya zamani au huijui historia yake, weka mpya, kisha panga vyote viwili kwa mfuatano. Mafuta ya moto yatoke giaboksi, yaingie rejeta kubwa kwanza, yatoke humo yaingie rejeta ndogo, ndipo yarudi giaboksi. Nchi za baridi wapo wanaogeuza mpangilio, rejeta kubwa ije mwisho ili iyapashe mafuta. Malindi hatuna haja ya kupasha kitu. Maji ya injini yenyewe yako karibu na nyuzi 90, kwa hiyo rejeta kubwa haiwezi kuyashusha mafuta mbali sana chini ya hapo. Rejeta ndogo, inayopigwa na hewa ya nyuzi 30 na kitu, ndiyo inayoweza. Ndiyo maana nataka iwe ya mwisho.

DEREVA WA WATAMU

Nimekuelewa kaka. Rejeta yangu ni ileile iliyokuja na gari kutoka Japani. Naanza na hiyo.

MWENYE UZI

Haya, ufungaji.

Rejeta zenyewe kuna za aina mbili kuu utakazokutana nazo. Moja ni paipu moja inayozungushwa huku na huku ikiwa na mapezi ya aluminiamu. Nyingine ni ya sahani zilizopangwa juu ya nyingine, mafuta yakipita katikati yake. Ya sahani inapoza zaidi kwa ukubwa uleule, na haizibii mtiririko kama ile ya paipu ndefu nyembamba. Hayden, Derale na PWR wote wanatengeneza. Chukua ya sahani, na chukua kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu bila kufunika yote kondensa ya AC, yaani ile rejeta ya gesi ya AC iliyo mbele ya rejeta kubwa.

Mahali pa kufunga ndio moyo wa kazi hii. Nimeona watu wanaining'iniza kwenye bampa, pembeni ya taa, kwa sababu hapo kuna nafasi na upepo wa barabarani unafika. Kwa safari ya lami hapana neno. Mchangani haifanyi kazi, kwa sababu feni ya injini haivuti hewa kutoka pale. Ikae mbele ya kondensa, ndani ya eneo ambalo feni ya injini inavuta. Hapo hata gari likisimama hewa inapita. Acha nafasi ya upana wa kidole kati yake na kondensa ili isisuguane na ili vumbi lipate njia ya kutoka.

Na kabla ya hilo, kagua feni yenyewe. Toyota hizi feni yake ina klachi ya mafuta ya silikoni katikati, inayoshika injini ikipata joto. Ikizeeka haishiki, feni inazunguka kivivu. Zima injini ikiwa ya moto, kisha jaribu kuizungusha kwa mkono. Ikiwa inazunguka kwa urahisi kabisa, imekwisha, na rejeta ndogo utakayoiweka mbele yake haitapata hewa. Bora uanze na feni. Hili nalirudia kila siku kwa sababu ndilo linaloleta tofauti kubwa kwa gharama ndogo.

Usiifunge kwa zile nyuzi za plastiki zinazopitishwa katikati ya mapezi ya kondensa. Gari la barabara mbovu linatikisika, nyuzi zinasaga mapezi, siku moja gesi ya AC yote iko nje, au paipu ya mafuta imetoboka. Mwambie fundi akukatie vyuma vya bapa, vipigwe rangi vizuri, vishikwe na mhimili wa katikati wa mbele ya gari, na katikati ya chuma na rejeta kuwe na raba. Midomo ya rejeta itazame juu au pembeni. Ikitazama chini, hewa inabaki juu na sehemu ya rejeta haifanyi kazi.

Kujua paipu ipi inatoa na ipi inarudisha: chomoa hosi moja ya mafuta kwenye rejeta kubwa, elekeza hosi kwenye chupa na mdomo wa rejeta kwenye chupa nyingine, mwenzio awashe injini sekunde mbili tatu tu na kuzima. Mafuta yakitoka kwenye hosi, hiyo ndiyo inayotoka giaboksi. Yakitoka kwenye mdomo wa rejeta, hosi uliyochomoa ni ya kurudi, na hapo ndipo rejeta ndogo inapoingia. Usiache injini iendelee, pampu inamwaga kwa kasi kuliko unavyodhani.

Mafuta yaliyomwagika yakusanye kwenye dumu. Nyuma yetu kuna hifadhi ya bahari iliyotangazwa tangu 1968, na mvua ya masika inashusha kila kitu huko.

FUNDI WA KILIFI

Mwenye uzi umeeleza vyema. Naongeza ya mikono yangu.

Hosi. Usikubali kuuziwa hosi ya petroli wala ya maji, hata kama kipenyo ni kilekile. Zinavimba, zinalainika na kupasuka kwa joto la mafuta ya gia. Hosi sahihi imechapwa ubavuni SAE J1532, ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hii. Kama huipati, kuna za haidroliki zinazobanwa midomo kwa mashine, mradi muuzaji akuhakikishie kiwango cha joto.

Ukikata paipu ya chuma, mwisho wake uwe na uvimbe kidogo, kigingi cha kuzuia hosi isichomoke. Paipu iliyokatwa wazi na kubanwa kwa klempu peke yake itakuacha porini. Klempu nazo chukua zile zisizo na matundu kwenye mkanda, kwa maana zenye matundu zinakata raba. Hosi isiguse ncha ya bati, wala isipite karibu na ekzosi. Ikibidi ipite kwenye tundu la bati, weka raba ya tundu.

La pili ni chumvi. Rejeta ni aluminiamu, vishikizo ni chuma, upepo wa bahari unapita katikati. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ile raba aliyoitaja mwenye uzi si ya mtikisiko peke yake, inatenganisha metali pia. Wanaopita Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi wanajua bodi za magari zinavyokuwa. Ukitoka ufukweni osha mbele ya gari kwa maji ya bomba, yale ya Baricho, usitumie ya kisima. Maji yawe ya nguvu ndogo, mashine ya presha inalaza mapezi.

Na kama giaboksi ilishawahi kuungua, kipoza cha zamani tupa. Unga wa klachi umejaa ndani, hausafishiki wote, utarudi kwenye giaboksi mpya.

MSAFIRI WA MOKOWE

Mimi natumia Toyota Hilux Surf otomatiki kati ya Mokowe na Malindi, na ikifika njia za mchanga za ndani ndani ndipo taa ya A/T OIL TEMP inapowaka. Je, taa si inatosha badala ya geji?

MWENYE UZI

Haitoshi, shehe. Taa hiyo inawaka mafuta yakiwa yameshapita mbali sana ile 115 niliyoitaja. Ni taa ya kukwambia simama, haikusaidii kuzuia. Kama yako inawaka kila ukiingia mchanga, kwanza badilisha mafuta ya gia, kwa maana hayo uliyonayo yameshachoka.

Ikiwaka, usizime injini. Ukizima, pampu inasimama na mafuta ya moto yanabaki palepale ndani. Simama pazuri, vuta breki ya mkono, weka P, acha injini ipumue mpaka taa izime. Elekeza pua ya gari kwenye upepo ukiweza. Wakati wa kusi pwani hii upepo ni mwingi, utumie.

Halafu nikuulize: mchangani unaweka 4L, ile gia nzito ya magurudumu manne, au unaenda na H, ya mwendo wa kawaida, tu?

MSAFIRI WA MOKOWE

Naenda na H. 4L naiweka nikikwama.

MWENYE UZI

Hapo ndipo penye joto lako. Ukiweka 4L mapema, magurudumu yanapata nguvu bila konvata kusumbuka, injini na gia zinakaribiana mizunguko na joto linashuka palepale. Utaliona kwenye geji kabla hujafika mbali. Na toa upepo wa tairi. Kwenye mchanga laini mimi nashuka mpaka psi 18 au 20, kisha najaza tena kabla ya lami. Tairi iliyokaa bapa inaelea juu, gari linavutika kwa nguvu ndogo. 4L na upepo wa tairi ni bure, na vinapunguza joto kwenye chanzo chake. Rejeta ndogo inaondoa joto lililokwisha kuzaliwa.

MWENYE SHAKA (Mombasa)

Nauliza kwa nia njema. Toyota wana wahandisi wao, gari linauzwa Arabuni na Australia, kwani hawakujua mchanga? Wangeona haja wangeweka wenyewe.

MWENYE UZI

Ni swali la haki. Na kweli wameweka kwenye baadhi ya magari yao ya kuvuta mizigo mizito na ya nchi za joto. Wanapima kwa gari jipya, rejeta safi, feni inayoshika, mafuta mapya na uzito walioandika kwenye kitabu. Gari letu lina miaka ishirini na zaidi, limeongezwa bampa la chuma, tairi kubwa kuliko za kiwandani, rafu ya juu iliyojaa madumu. Tairi kubwa peke yake inafanya kama umebadilisha uwiano wa difu, konvata inafanya kazi zaidi kwa kila mita. Kwa gari la mjini la hali ya kiwandani nakubaliana nawe kabisa, halihitaji.

MWENYE PRADO 120 (Malindi)

Yangu ni ya gia tano na haina kijiti cha kupimia. Nikishafunga rejeta ndogo nitajuaje mafuta yametosha?

FUNDI WA KILIFI

Hiyo inapimwa kwa chini, bolti ya kufurika iliyo kwenye sampu. Gari likae sawa kabisa, injini iwake, mafuta yawe kwenye joto lililoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha modeli yako, kisha bolti ifunguliwe: yakichuruzika kidogo yametosha, yasipotoka ongeza kwa tundu la kujazia. Mafuta yake ni Toyota WS, usichanganye na mafuta ya aina ya Dexron. Kazi hii ipeleke kwa mtu mwenye kifaa cha kusoma joto, usikisie.

Zenye kijiti kama ya mwenye uzi ni rahisi. Rejeta na hosi zitameza kati ya nusu lita na lita moja. Injini ikiwa inawaka na ya moto, gari mahali sawa, pitisha mkono wa gia kutoka P mpaka L na kurudi P polepole, ndipo upime upande wa HOT. Kwenye Toyota nyingi aina ya mafuta imechapwa kwenye kijiti chenyewe, soma hapo kabla ya kununua. Usizidishe, mafuta yakizidi yanapigwa povu na povu halibebi joto.

MWENYE UZI

Na baada ya kazi chungulia kila kiungo injini ikiwaka, endesha mwendo mfupi, chungulia tena. Jioni ya siku ya kwanza lala chini uguse kila klempu kwa kidole.

Matokeo kwangu, kwa mnaouliza: lami joto limeshuka kidogo tu. Mchangani ndipo nilipoona faida, mafuta hayaruki tena kwa kasi ileile, na ukishuka kilima yanarudi chini haraka. Wakati wa kuvuta boti bado yanapanda, ndiyo nimeongeza feni ndogo ya umeme yenye swichi ya joto na rilei yake. Mwenye kuvuta boti afikirie feni hiyo tangu mwanzo.

Jingine kwa wanaoingia Tsavo baada ya mvua: mbegu za nyasi zinajaa kwenye mapezi na kuziba kabisa. Funga wavu mwembamba mbele, uung'oe na kuukung'uta kila jioni.

DADA WA MARAFA

Shukrani kwa uzi huu. Mimi ni mwalimu, nina RAV4 otomatiki, Marafa hadi Malindi mjini kila wiki, mchanga kidogo tu karibu na nyumbani. Fundi mmoja ameniambia lazima nifunge rejeta ya gia. Je, nimpe kazi?

MWENYE UZI

Usimpe, dada. Kwa safari hizo pesa hiyo iweke kwenye mafuta ya gia mapya na dawa halisi ya rejeta. Muombe akuonyeshe mafuta ya sasa: yakiwa meusi na yananuka kuungua, muulize kwanza yameunguzwa na nini. Yakiwa mekundu safi, huna tatizo la kutibu. Ukitaka uhakika zaidi, tafuta mwenye kipima joto cha kuelekeza kwa mbali, akupimie sampu mara ukifika mjini. Ikisoma chini ya nyuzi 95, endelea na safari zako. Ikizidi hapo, niandikie hapa modeli na mwaka wa gari, tutazame pamoja na fundi wa Kilifi.